Kongosho la Mama na Kadi ya Kliniki

Kwenye kadi ya kliniki ya mjamzito, maambukizi yana mistari yake na sukari ina mstari wake. VVU na kaswende hupimwa kwa tone la damu, na majibu hutoka kabla mama hajaondoka. Sukari, katika zahanati nyingi za Tanzania na Kenya, hutafutwa kwenye mkojo. Mama anapewa kikopo, anakwenda chooni, muuguzi anachovya kijiti, anakilinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa chupa, kisha anaandika "hakuna". Naamini neno hilo linawapotosha akina mama wengi. Naamini pia kwamba mgawanyo wenyewe, maambukizi huku na sukari kule, haulingani na namna mwili wa mjamzito unavyofanya kazi. Maambukizi na insulini, homoni inayoiondoa sukari kwenye damu, hukutana ndani ya mwili mmoja, na wakati mwingine kukutana huko kumeua.

Tuanze na kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini. Kuanzia katikati ya ujauzito, kondo la nyuma humimina kwenye damu ya mama homoni nyingi, zikiwemo laktojeni ya kondo na projesteroni, zinazofanya misuli na ini vipunguze kuitii insulini. Hiyo ni hali ya kawaida ya mimba: sukari inayochelewa kuingia kwenye misuli ya mama inabaki kwenye damu ili mtoto aipate. Kufikia miezi ya mwisho, mwili wa mama unakuwa umepoteza karibu nusu ya usikivu wake kwa insulini, na kongosho hulazimika kutoa insulini mara mbili au zaidi ya ile ya kabla ya mimba ili sukari isipande.

Kongosho linawezaje? Kwa panya jibu linajulikana vizuri: seli beta, zile zinazotengeneza insulini, huzaana wakati wa mimba, na mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa homoni za mimba huzifanya seli hizo zitengeneze serotonini, ambayo nayo huzihimiza zigawanyike. Kwa binadamu mambo ni tofauti. Uchunguzi wa makongosho ya wanawake waliofariki wakiwa wajawazito, uliochapishwa mwaka huo huo, ulikuta eneo la seli beta limeongezeka mara 1.4 hivi tu. Hivyo sehemu kubwa ya kazi ya ziada hufanywa na seli zile zile alizokuja nazo mwanamke kwenye ujauzito. Aliyekuja na akiba ndogo, labda kwa kurithi au kwa kukosa lishe alipokuwa tumboni mwa mama yake, anafika mwezi wa sita au wa saba akiba imekwisha. Hapo ndipo kisukari cha mimba kinapoanza.

Madhara yake kwa mtoto yalielezwa na daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen tangu miaka ya 1950. Sukari ya mama huvuka kondo, insulini ya mama haivuki. Mtoto akipokea sukari nyingi, kongosho lake changa huanza kumwaga insulini yake lenyewe, na insulini hiyo humnenepesha. Ndiyo maana huzaliwa mkubwa hata mabega yakakwama njiani. Na kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma papo hapo lakini insulini ya mtoto huendelea kutoka, na katika saa chache za kwanza mtoto aliyeonekana mnene na mwenye afya huanza kutetemeka, hanyonyi, analegea.

Sasa lipeleke kongosho hilo la mjamzito, ambalo tayari linafanya kazi maradufu, likutane na malaria kali na kwinini. Mwaka 1983 Nicholas White, David Warrell na wenzao waliokuwa wakitibu malaria nchini Thailand walichapisha taarifa ya wagonjwa waliopoteza fahamu ambao damu yao ilikuwa na sukari kidogo mno na insulini nyingi kupita kiasi. Kwinini hufunga milango ya potasiamu kwenye seli beta, na milango hiyo ikifungwa, seli humwaga insulini. Vidonge vya glibenklamidi wanavyomeza wagonjwa wa kisukari hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Juu ya hapo vimelea vyenyewe hula sukari, na ini la mgonjwa asiyekula linashindwa kutengeneza nyingine. Mwaka 1985 ikaonekana wazi kwamba wanawake wenye mimba kubwa walikuwa katika hatari zaidi.

Mtu aliyewahi kukaa wodi ya wazazi katika miaka ya kwinini ataitambua picha hii. Mama amelazwa tangu jana, dripu inashuka, homa imeanza kupoa. Alfajiri anaanza kukoroma, shuka limelowa jasho, haitiki akiitwa. Ndugu wanasema malaria imepanda kichwani. Wengine wanahofia kifafa cha mimba. Kipimo cha malaria kilishasema ndiyo, kwa hiyo kila kinachotokea kinahesabiwa kuwa ni malaria. Lakini huenda vimelea vinapungua, na kinachomzimisha mama ni sukari iliyoshuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita ya damu, ambayo glukosi ya mshipani ingeirudisha katika dakika chache. Wauguzi wengi wa zamani walilijua hili, ndiyo maana walifundishwa kuitia kwinini ndani ya maji ya dekstrosi. Bila mashine ya kupimia sukari karibu na kitanda, hata hivyo, walikuwa wanabahatisha.

Dawa zimebadilika. Jaribio kubwa lililofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, lilionyesha kuwa sindano ya artesuneti ilipunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwanzo, kwinini iliendelea kupendekezwa kwa malaria ya kawaida hadi mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipokubali dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini) itumike tangu mwanzo wa mimba. Nashukuru kwa mabadiliko hayo. Lakini somo la kwinini lingali na kazi: jibu la "ndiyo" kwenye maambukizi liliwazuia watu wasiulize habari za sukari.

Majibu ya "hapana" nayo yana hatari yake. Kijiti cha mkojo kinaweza kusema hapana kwa mama mwenye kisukari cha mimba, na kikasema ndiyo kwa mama asiye nacho. Sababu iko kwenye figo. Katika ujauzito figo huchuja damu kwa kasi iliyoongezeka kama nusu nzima, na mirija yake haimudu kuirudisha sukari yote mwilini, hivyo wanawake wengi wenye sukari ya kawaida kabisa huiacha kwenye mkojo. Kwa upande mwingine, kisukari cha mimba mara nyingi hupandisha sukari kwa kiasi ambacho hakitoshi kuifanya imwagike, hasa kama mama amekuja asubuhi bila kula. Tunaiuliza figo swali ambalo ni damu tu inayoweza kulijibu.

Malaria ina kisa kinachofanana na hiki, nacho kimetoka Siaya, magharibi mwa Kenya. Watafiti walilinganisha njia tatu. Ya kwanza ni ile tunayoijua: kila mjamzito anameza SP, vidonge vya kukinga malaria, kliniki, mbele ya muuguzi, bila kupimwa. Ya pili ni kumpima kila mama kwa kipimo cha haraka na kumtibu anayekutwa na vimelea. Ya tatu ni kumpa kila mama dawa nyingine, dihidroatemisinini na piperakwini, bila kupima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Wakati wa kujifungua, malaria ilikutwa kwa asilimia 10.2 ya waliomeza SP, asilimia 12.6 ya waliopimwa na kutibiwa, na asilimia 3.3 ya waliopewa ile dawa nyingine. Kupima hakukushinda kumeza SP bila kupima, tena katika eneo ambako SP imeshadhoofika kwa usugu wa vimelea. Vimelea vya malaria aina ya falciparum hujificha kwenye kondo la nyuma, na damu ya kidole inaweza kubaki na vichache mno visivyoonekana kwenye kipimo.

Tusidhani kwamba kuwa na vipimo vingi ndiyo kuwa na kliniki bora. Kipimo kizuri kinautafuta ugonjwa mahali ulipo, kinatoa jibu mama akiwa bado amekaa, na kinafuatwa na tiba iliyopo kabatini. Mfano bora ninaoujua ni wa Mwanza. Deborah Watson-Jones na wenzake walichapisha mwaka 2002 kazi mbili kuhusu kaswende kwa wajawazito wa huko. Katika ile ya kwanza, miongoni mwa wanawake wenye kaswende kali ambao hawakuwa wametibiwa, robo walizaa mtoto mfu, na kati ya wanawake ambao hawakupimwa kabisa, nusu ya vifo vya watoto tumboni vilitokana na kaswende. Katika ile ya pili, sindano moja ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, iliwafanya waliotibiwa wapate matokeo ya uzazi yanayolingana na ya wanawake wasio na ugonjwa. Sindano moja. Kila ninaposikia kliniki imeishiwa vitendanishi vya kaswende huku vya VVU vikiwepo, nakumbuka takwimu hizo na nakasirika. Shirika la Afya Duniani limeshapendekeza, tangu 2019, kipimo kimoja cha pamoja cha VVU na kaswende kiwe cha kwanza kliniki. Hakuna sababu ya kitabibu ya mama kujua kimoja na kunyimwa kingine.

Sukari bado haijapata Mwanza yake. Viwango tunavyotumia kusema huyu ana kisukari cha mimba na huyu hana vimetoka mbali. Vile vya kwanza vya John O'Sullivan na Claire Mahan wa Boston, mwaka 1964, vilitungwa kwa kutazama ni mama yupi angepata kisukari baadaye maishani. Mtoto hakuwa ndani ya hesabu hiyo. Mwaka 2008 ukatoka utafiti mkubwa ulioongozwa na Boyd Metzger wa Chicago, wa wajawazito zaidi ya 23,000 katika vituo 15 vya nchi 9. Ulionyesha kwamba hatari kwa mtoto hupanda polepole kadiri sukari ya mama inavyopanda, bila mahali pa wazi pa kukata. Wataalamu walikaa mwaka 2010 wakakubaliana pa kukata, kwa milimoli kwa lita: 5.1 kabla ya kula, 10.0 saa moja baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, 8.5 baada ya saa mbili. Shirika la Afya Duniani likavipokea mwaka 2013. Katika vituo vile vya utafiti, viwango hivyo viliwaweka karibu wanawake 18 kati ya kila 100 kwenye kundi la wagonjwa.

Kati ya vituo vile 15 hakuna hata kimoja kilichokuwa Afrika. Kulikuwa na Barbados, Bangkok, Hong Kong, Belfast na Brisbane. Si kwamba mwili wa Mwafrika ni wa aina nyingine. Sukari ya mama humnenepesha mtoto wa Sumbawanga kama inavyomnenepesha wa Manchester. Lakini uzito wa mama, upungufu wa damu, malaria, chakula na hatari za upasuaji wa uzazi ni tofauti, na pa kukata panapaswa kupimwa kwa faida na hasara za mahali husika. Hata huko kwenye uwezo mjadala haujaisha. New Zealand walilinganisha viwango vya chini na vya juu kwa wanawake zaidi ya 4,000, wakachapisha mwaka 2022. Kwa viwango vya chini, waliokutwa na kisukari walikuwa asilimia 15.3; kwa vya juu, 6.1. Watoto waliozaliwa wakubwa kupita kiasi walikuwa karibu sawa pande zote mbili, asilimia 8.8 na 8.9. Ni kweli pia kwamba wale wanawake waliokuwa katikati ya viwango viwili walinufaika walipotibiwa, kwa hiyo viwango vya chini haviwezi kutupwa kwa neno moja. Lakini nchi yenye wakunga wachache haiwezi kubeba idadi maradufu ya wagonjwa bila kujua inapata nini.

Ushahidi wetu wenyewe, ingawa mdogo, una mengi ya kutufunza. Mwaka 1991 Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao waliripoti kutoka vijiji vya Tanzania kwamba uwezo wa mwili kuhimili sukari haukuharibika kwa wajawazito waliowapima. Miongo miwili baadaye, Akwilina Mwanri na wenzake waliwapima wajawazito wa mjini na wa kijijini: mjini asilimia 8.4 walikuwa na kisukari cha mimba, kijijini asilimia 1.0. Ndani ya nchi moja tofauti ni zaidi ya mara nane. Ningekuwa napanga vifaa vya mkoa, ningeanzia mjini, na nisingeona aibu kusema hivyo.

Wengine wanashauri tuwapime wanene tu. Hapa nasita. Kule Bethesda, Marekani, timu ya Anne Sumner imewachunguza Waafrika wahamiaji, na mwaka 2021 ikaripoti kwamba wengi wa waliokuwa na sukari isiyo ya kawaida hawakuwa na tatizo la mwili kuikataa insulini. Tatizo lao lilikuwa seli beta zinazoshindwa kuitoa ya kutosha. Wale hawakuwa wajawazito, na kutoka kwao hadi kwa mama wa Temeke ni hatua ndefu. Hata hivyo inatosha kututia shaka juu ya utaratibu unaomwacha mwanamke mwembamba apite bila kuulizwa, ilhali akiba ya kongosho lake huenda ndiyo ndogo zaidi.

Kuna pia namna ambavyo maambukizi huvuruga kipimo chenyewe cha sukari, na hili halisemwi vya kutosha. Kipimo cha HbA1c, kinachosoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu, hutegemea chembe hizo ziishi umri wake wa kawaida. Malaria huzivunja mapema, na jibu likashuka. Upungufu wa madini ya chuma nao hulipandisha. Mashine ndogo ya kidole nayo huelekea kusoma juu kuliko ukweli pale damu inapokuwa pungufu, na upungufu wa damu kwa wajawazito wetu ni jambo la kila siku, kwa sababu ya malaria, minyoo na chakula. Ukichukua damu ya mshipa ukaiacha juani ikisubiri pikipiki ya kwenda hospitali ya wilaya, chembe zilizo ndani yake zinaendelea kula sukari, na kila saa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kinapotea. Mama aliyekuwa na 5.3 asubuhi anafika maabara akiwa na 4.8, akaambiwa yuko salama. Mtafiti au mganga mkuu anayepanga kupima sukari bila kuandika pembeni hali ya malaria, wingi wa damu na saa iliyopita tangu sindano ichomwe anakusanya namba asizoweza kuzisoma.

Na tiba ya maambukizi inaweza kurudi tena kwenye sukari. Mwaka 2020 madaktari wa Kampala waliripoti watu wanaoishi na VVU ambao sukari yao ilipanda sana muda mfupi baada ya kuanza dolutegravir, dawa ya kupunguza makali ya VVU. Waliopatwa walikuwa wachache, na dawa hiyo imeokoa akina mama na watoto wengi mno, hivyo mtu asiiache kwa sababu ya sentensi hii. Lakini mama anayeianza akiwa mjamzito, kwenye miezi ile ile kongosho linapoelemewa, anastahili kupimwa sukari kwenye damu.

Kwa hiyo ninachokidai ni kidogo na kinatekelezeka. Kidole kikishatobolewa kwa ajili ya VVU na kaswende, tone linalofuata liende kwenye mashine ya sukari. Kijiti cha mkojo kibaki kwa kazi zake za protini na dalili za maambukizi ya njia ya mkojo, na mstari wa sukari uondolewe kwake. Atakayekutwa na 7.0 au zaidi kabla ya kula ana kisukari kamili, pengine tangu kabla ya mimba, na huyo hawezi kusubiri. Aliye chini ya hapo arudiwe kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwenye mahudhurio ambayo tayari yapo kwenye ratiba.

Wapo watakaouliza mama atakujaje bila kula. Wajawazito wengi huondoka nyumbani alfajiri ili wawahi foleni, na wengi hufika hawajatia kitu mdomoni. Waambiwe kwenye ziara iliyotangulia, na wao wahudumiwe kwanza. Ninaloliogopa zaidi ni jingine: mama kuambiwa ana kisukari, akarudi nyumbani na hofu tu. Kwa wengi tiba ni chakula na kutembea, na ushauri huo lazima uujue ugali, wali, chapati na chai ya sukari ya nyumba yake, pamoja na nani anayepakua. Wachache watahitaji metfomini au insulini, na insulini inahitaji mahali pa baridi. Zahanati yenye jokofu la chanjo inaweza kuihifadhi, ikiwa wilaya itaruhusu kwa maandishi na kumfundisha mkunga.

Baada ya kujifungua, mwanamke aliyekuwa na kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili inayokaribia mara kumi ya mwenzake, na wengi hawarudi kupimwa kwa sababu hakuna anayewaita. Lakini wiki ya sita wengi wao wanarudi, wamebeba mtoto wa chanjo. Siku hiyo hiyo mtoto wa mama mwenye VVU huchukuliwa tone la damu kwenye karatasi. Muuguzi yupo, sindano za kutobolea zipo, daftari lipo. Kinachohitajika ni sukari ya mama iingizwe kwenye orodha ya kazi za siku hiyo, na kadi ya mtoto iwe na mahali pa kuiandika.